Habari Ziwafikie

Katika nyumba tuliyopanga Buzuruga nilipokuwa mtoto, kulikuwa na muda mmoja wa siku ambao hata sisi watoto tulijua kunyamaza: muda wa matangazo ya vifo. Mama aliuacha ungo wa mchele magotini. Mpangaji wa chumba cha pili alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. Redio ya betri ilisema kwa sauti ile ile ya kila siku: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana hospitalini; habari ziwafikie fulani wa Ukerewe, fulani wa Sengerema na fulani wa Magu, pamoja na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mazishi kesho saa kumi. Likaja la pili, la tatu, mpaka yakaisha, na mama akaurudia ungo wake. Siku moja hakuurudia. Kilitajwa kijiji cha kwao, kisha jina la mjomba wake, na kabla tangazo halijafika mwisho wanawake wa nyumba nzima walikuwa wameshamshika.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi sasa. Nikiulizwa nilijifunza wapi kuandika habari za watu waliouawa, jibu langu ni lile tangazo. Lilikuwa fupi, halikuwa na pambo, na kila neno lilikuwa na mwenyewe. Lilianza na mtu mwenye haki ya kusema, yaani mfiwa. Marehemu alitajwa kwa udugu wake: mama wa fulani, kaka wa fulani, aliyekuwa mwalimu wa shule fulani. Halafu lilijua linakwenda kwa nani. Taifa zima lilisikiliza, lakini tangazo lilikuwa likiwatafuta watu watatu au wanne, mmoja yuko kisiwani, mwingine machimboni, na halikutulia mpaka limewataja. Halikueleza mwili ulionekanaje. Hakuna aliyelalamika kwamba habari imepungua.

Na pale ambapo redio haikutumika, tulikuwa na utaratibu mwingine ambao kila msomaji wa kitabu hiki anaujua. Habari ya msiba haipelekwi na mtoto. Hutumwa mtu mzima, naye akifika haangushi neno mlangoni. Anabisha hodi, anasalimia, anaomba maji ya kunywa, anauliza kama baba yupo. Akimkuta mama peke yake anatoka tena kumtafuta jirani. Kwa simu twaambiwa, "Rudi nyumbani, mgonjwa wetu hali si nzuri," na wengi wetu tumepanda basi usiku tukijua na huku hatutaki kujua. Wapo wanaouita utaratibu huo uongo. Mimi nauona ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka.

Niliuvunja mara moja. Nilikuwa kijana, na gazeti nililoliandikia, ambalo silitaji, lilikuwa likifunga kurasa saa kumi na mbili jioni. Majambazi wenye bunduki walivamia mwalo mmoja usiku, wakawapiga risasi wavuvi, wakachukua injini, nyavu na fedha za dagaa. Nilipata majina ya waliokufa. Mhariri akataka sauti ya familia. Nikapata namba ya mke wa mmoja wao, nikapiga, nikamuuliza amekipokeaje kifo cha mumewe. Kulikuwa na kimya, kuku wakisikika nyuma yake. Kisha akasema kwa adabu ambayo sijaisahau, "Samahani kaka, nadhani umekosea namba. Mume wangu yuko ziwani." Nilikata simu. Habari ile ilitoka kesho yake bila sauti ya familia, na juu yake lilikuwapo jina langu.

Sura hii naiandika kwa sababu ya yule mama aliyepokea simu yangu.

Alasiri ya Agosti 25, 2021 nilikuwa stendi ya Buzuruga nikisubiri gari. Mchana ule, Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mwenye silaha alikuwa amewaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi ya ulinzi, akajeruhi watu sita, kabla naye hajapigwa risasi langoni mwa ubalozi. Video zilikuwa zimeshafika Mwanza. Mpiga debe aliyekuwa akiita abiria wa Musoma alinyamaza, akainua simu yake juu, na watu kama kumi na watano wakamzunguka. Nami nilisogea. Tuliona mtu akitembea barabarani na bunduki, tukasikia milio, tukamwona akianguka. Video ikaisha, wakamwambia airudie. Mtoto wa shule mwenye sare alipenya katikati ya watu wazima akatazama nasi, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Siku zilizofuata zilijaa uvumi. Alikuwa tajiri; alidhulumiwa; alikuwa analipa kisasi. Polisi walikuja kusema alikuwa gaidi. Lakini simu zilikuwa zimeshamaliza kazi: picha zake za kawaida, akiwa amevaa vizuri, zilipita mkono kwa mkono, na wapo waliomsimulia kama shujaa wa sinema. Wiki mbili baadaye nilirudi stendi na daftari, nikawauliza watu swali moja. Muuaji yule aliitwa nani? Dada wa vocha alijua. Kondakta alijua, na jina la baba yake alilijua. Mama lishe alijua. Nikauliza, na waliouawa? Kimya. Mmoja alisema ni polisi. Nikamuuliza mzee aliyekuwa kwenye benchi, mlinzi wa usiku katika maduka ya Nyakato, kama anakumbuka lolote juu ya yule mlinzi aliyeuawa. Akanitazama. "Kwani alikufa na mlinzi?"

Mzee yule analinda mlango kwa rungu na tochi, kama walinzi wengi wa nchi hii. Mtu wa kazi yake aliuawa kazini katika tukio lililotazamwa na taifa zima, na habari ile haikumfikia.

Jina la muuaji sitaliandika hapa. Anayelitaka analijua tayari, na hiyo ndiyo hoja yangu. Wala sisemi lifichwe: lazima liandikwe katika jalada la polisi, lisemwe mahakamani panapokuwa na mashtaka, na gazeti lilitaje mara moja ili uvumi usiwaangukie wasiohusika. Tena lazima tuulize silaha ilitoka wapi na nani aliona dalili akanyamaza. Ninachokataa ni picha yake ya kuvutia ukurasa wa mbele kwa siku tano mfululizo. Jina la mlinzi nalo sitaliandika, lakini kwa sababu nyingine kabisa: sijaonana na ndugu zake, sijawaomba. Jina la marehemu ni la wenyewe. Mwandishi anayefikiri kwamba heshima ni kulichukua tu na kulitundika hajatofautiana sana na mimi nilipopiga ile simu.

Lugha yetu yenyewe imetutega. Kwa muda mrefu magazeti ya Kiswahili yamewaita waliouawa au kujeruhiwa wahanga. Magazeti hayo hayo humwita mtu aliyejifunga mabomu mshambuliaji wa kujitoa mhanga. Mhanga ni mtu aliyetolewa sadaka, au aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Binti aliyeuawa akiwa amelala bwenini hakujitoa kwa lolote. Aliyekwenda kumuua naye hakutoa sadaka yoyote. Alichukua ya wengine. Kwa neno moja tumewaweka kwenye jeneza moja, tena muuaji tumempa sehemu yenye sifa. Miaka ya karibuni naona wahariri wakiandika waathirika, manusura, majeruhi, waliouawa. Naona pia mwili wa marehemu mahali palipokuwa na maiti. Wapo wanaodhani huo ni urembo wa maneno. Nenda kasimame nje ya mochwari na useme moja baada ya jingine mbele ya mama mzazi, utaona kama ni urembo.

Kwamba sifa huzaa wauaji wengine si dhana tu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Sherry Towers walichapisha uchunguzi wa mauaji ya halaiki ya nchi yao, wakaona kwamba tukio moja huongeza uwezekano wa jingine kwa wastani wa siku 13, kama ugonjwa unavyoambukiza. New Zealand ilipopata msiba wake Machi 15, 2019, watu 51 wakauawa katika misikiti miwili ya Christchurch, muuaji alikuwa akijirusha moja kwa moja mtandaoni. Kampuni ya Facebook ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video ile katika saa 24 za kwanza. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alisimama bungeni akasema jina la mtu yule hatalitamka kamwe, akawaomba watu wataje majina ya waliopotea. Waliouawa walitoka nchi nyingi, na familia za Kisomali zilizokuwa zimekimbia bunduki za huku kwetu zilikuwamo.

Sisi wa Afrika Mashariki somo hilo tulikuwa tumeshalipata, kwa gharama kubwa, Garissa. Alfajiri ya Aprili 2, 2015 wanamgambo wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakaua watu 148. Kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Miili ilipelekwa Nairobi, mochwari ya Chiromo, na wazazi walikusanywa uwanja wa Nyayo kusubiri. Katika siku za kwanza idadi iliyotangazwa ilikuwa 147, na ilitangazwa kwa namna ile tuliyoizoea, tarakimu kubwa juu ya picha ya moshi. Ndipo Wakenya wa kawaida wakaanza kampeni mtandaoni waliyoipa jina la kwamba 147 si namba tu. Waliweka picha za vijana wakiwa hai: huyu siku ya kumaliza sekondari, huyu kanisani, huyu ameshika keki. Waliandika alisomea nini, nyumbani kwao ni wapi, nani alimlipia ada. Waliofanya hivyo hawakuwa waandishi wa habari. Walikuwa wanasoma tangazo la kifo kama redio yetu ilivyokuwa ikisoma, kwa sababu vyombo vilikuwa vimelisahau.

Naamini kampeni ile ilibadili kitu, kwani miaka minne baadaye hasira ya Wakenya ilijua pa kwenda. Januari 15, 2019 Al-Shabaab walishambulia hoteli ya DusitD2 na ofisi zinazoizunguka, watu 21 wakauawa. New York Times likachapisha picha ya miili ya watu waliouawa wakiwa mezani, kompyuta zao zikiwa wazi mbele yao. Nguo zilionekana. Ndugu angeweza kumtambua ndugu yake kwa shati, hata kabla hajapokea simu. Wakenya waliandika kwa maelfu kuuliza kama gazeti hilo huchapisha miili ya Wamarekani hivyo hivyo pale wanapouawa shuleni. Baraza la Habari la Kenya lilitaka picha iondolewe. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wanahitaji kuona ukweli wa kinachotokea, na halikuiondoa.

Utetezi huo si wa kipuuzi, na nitaurudia. Lakini swali la Wakenya lilikuwa zito kuliko jibu walilopewa. Picha ya mwili wa mtu hupigwa kwa urahisi pale ambapo mpiga picha hategemei kukutana na shangazi wa marehemu sokoni. Mwandishi wa Mwanza hana umbali huo. Mtu uliyempiga picha akiwa na damu kifuani, mdogo wake ndiye dereva wa daladala yako ya kesho asubuhi.

Hata hivyo ukaribu peke yake hautoshi, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua. Kati ya mwaka 2007 na 2009 mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa Mwanza na Shinyanga. Hayakuwa ya risasi, yalikuwa ya mapanga, lakini kwa mwandishi swali lilikuwa hilo hilo. Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Tanzania, alijifanya mteja mwaka 2008 akaenda kwa waganga, akaonyesha biashara ilivyokuwa ikipangwa, na kwa kazi hiyo akatishiwa maisha. Ile ilikuwa kazi ya kumlinda mtu aliye hai. Pembeni yake kulikuwa na aina nyingine ya habari, na nyingine ziliandikwa na watu ninaowaheshimu: vichwa vya habari vilivyotaja bei. Mkono kiasi fulani, mguu kiasi fulani, kwa herufi nene. Tulidhani tunaonyesha ukatili. Lakini gazeti lile lilisomwa pia na kijana asiye na kazi ambaye hajawahi kusikia kwamba kitu hicho kinauzwa. Habari ikawa tangazo la biashara, nasi ndio tulioibandika. Huku tukiendelea kuandika zeruzeru, mpaka wenyewe, kupitia chama chao, walipotudai neno linaloanza na mtu: mtu mwenye ualbino. Leo mwandishi wa Mwanza akiandika vinginevyo mhariri anamrudishia. Kwa hiyo tunaweza kujifunza. Tulijifunza kwa kuambiwa na waliokuwa wakiuawa.

Mwaka hadi mwaka huwa ninaongea na wanafunzi wa uandishi wa habari, wengi wao wa SAUT kule Malimbe. Huwaeleza haya niliyoyaeleza, nao huandika. Mara ya mwisho binti mmoja hakuandika. Alinyoosha mkono. "Mwalimu, shikamoo. Unasema tusionyeshe miili. Na kama anayesema hawakufa ndiye mwenye redio?"

Nilijua anazungumzia nini. Darasa zima lilijua.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka katika miji kadhaa ya Tanzania, Mwanza ikiwamo, na watu waliuawa kwa risasi. Intaneti ilizimwa siku ile ile na ilianza kurejea Novemba 3. Katika siku hizo vyombo vingi vya ndani vilitangaza kura, vikasema kidogo sana juu ya waliokufa. Huku Buzuruga tuliishi kwa masikio: mlio, kimya, mlio, jirani anahesabu watoto wake, mtu anabisha hodi na hakuna anayetaka kufungua. Intaneti iliporudi, vilivyokuwa vimezuiliwa vikamwagika kwa pamoja. Miili barabarani, miili imelazwa sakafuni, nyuso wazi. Polisi walituma ujumbe wakionya watu wasisambaze picha za kuleta taharuki au kudhalilisha utu. Na familia ambazo mtoto wao hakurudi zilizitafuta picha hizo hizo, zikazivuta ziwe kubwa, zikiangalia viatu.

Nilimwona mama mmoja akifanya hivyo. Hakuwa anaangalia maonyesho. Picha ile ilikuwa imechukua nafasi ya mtu mzima ambaye angebisha hodi, aombe maji, amtafute jirani. Mtu huyo hakutumwa.

Novemba 11, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Volker Türk, alisema ofisi yake ilikuwa na taarifa za mamia ya watu kuuawa, akazitaka mamlaka zieleze waliko wasioonekana na zikabidhi miili kwa familia ili izikwe kwa heshima. Upinzani ulitaja idadi kubwa zaidi. Serikali ilisema takwimu zilizotajwa zimetiwa chumvi. Novemba 14, akilihutubia Bunge, Rais Samia Suluhu Hassan alitoa pole kwa wafiwa na kutangaza tume ya uchunguzi, ambayo baadaye iliwekwa chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mabishano ya idadi yalichukua nafasi yote. Ni mia ngapi? Nani amezihesabu? Tulirudi kwenye tarakimu juu ya moshi, na safari hii hata tarakimu yenyewe hatukuwa nayo. Kama majina yangeandikwa tangu siku ya kwanza, na kijiji, na nani amefiwa, kusingekuwa na cha kubishania. Orodha ya majina huhesabika.

Binti yule nilimjibu hivi, na bado nalifikiria jibu langu. Kuupiga picha mwili na kuutangaza ni kazi mbili. Panapokuwa na hatari ya kukanushwa, piga. Andika saa, mahali, umesimama wapi, nani alikuwapo. Tunza nakala ya kwanza bila kuigusa, ifiche mahali pawili, mpe mchunguzi atakayeaminika, mwanasheria wa familia, tume. Huo ni ushahidi, na ushahidi una wenyewe: marehemu na ndugu zake. Kinachokwenda hewani kinaweza kuwa barabara, ganda la risasi, kiatu, mlango wa mochwari na watu waliosimama mbele yake. Uso ubaki kwa familia mpaka familia iseme. Na familia ikisema onyesha, onyesha. Wapo wafiwa waliotaka dunia ione, nao walikuwa na haki, kwa sababu tangazo ni la mfiwa.

Akaniuliza tena, "Na mwandishi mwenyewe?"

Hilo nalo si la kupita. Mwaka 2017, wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji ziliingia katika mauaji ambayo nchi ilikuwa haijayazoea. Polisi wanane waliviziwa na kuuawa jioni ya Aprili 13. Viongozi wa vijiji walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, alikuwa akiishi huko na akaandika. Hakuwa mtu wa kushuka na gari, kupiga picha na kuondoka. Novemba 21, 2017 alichukuliwa na hajaonekana tena. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki; baadaye akasema alieleweka vibaya. Fikiria tangazo la namna hiyo lisomwe katika redio ya mama yangu. Aliyetangaza si mfiwa. Mazishi hayana siku. Kisha linafutwa, na mke na watoto wanabaki hawajui wakae matanga au waendelee kusubiri mlango ubishwe.

Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi, kampuni ile ile aliyoiandikia Azory, kwa sababu ya katuni iliyowaonyesha watu wakiwazungumzia ndugu zao waliopotea au kuuawa. Haikuwa na damu wala mwili. Ilikuwa na wafiwa. Nalisema hili wazi kwa sababu maadili ya habari hunukuliwa sana na wale wanaotaka pasiwe na habari. Wanatuambia tusilete taharuki, tuheshimu utu wa marehemu, na maneno hayo ni ya kweli mdomoni mwa mama aliyefiwa. Lakini utu wa mtu aliyeuawa hauheshimiwi kwa kumzika bila kusema. Tangazo la kifo halikuwahi kuleta taharuki nyumbani kwetu. Lililoleta taharuki lilikuwa ni mtu asiyerudi na redio isiyosema.

Darasa lilipokwisha sikurudi mjini moja kwa moja. Ukitoka Buzuruga kwa barabara ya Musoma unafika Igoma, na Igoma ndiko walikozikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ilikuwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Wale hawakupigwa risasi na mtu, lakini mimi huenda pale ninapotaka kukumbuka kazi ya orodha ni nini. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu waliolipa nauli ndogo walizama bila kuandikwa popote, na wengi wakazikwa pale kwa sababu hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa zamani, akipalilia. Kila mwaka huja kabla ya kumbukumbu ya Mei, maana siku yenyewe, anasema, pana watu wengi na hotuba. Kaka yake alikuwa daraja la tatu. Hajui kama yuko pale au yuko ziwani. Amechagua sehemu tu, karibu na mti, anaipalilia hiyo. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, akaniuliza kama bado naandika. Nikamwambia naandika juu ya watu waliokufa bila kutajwa. Akaegemea jembe.

"Una kalamu?"

Nikatoa daftari. Akalitaja jina la kaka yake, la baba yao, la ukoo. Niliandika, nikafunga. Akanyoosha mkono akaligonga daftari kwa kidole chenye udongo.

"Andika na kijiji, mwanangu. Majina yanafanana."

Nikalifungua tena.